Fahamu: Kuchoma neva za figo ili kushusha presha

Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ateri za figo, kisha huchoma neva zinazochochea presha kwa mawimbi ya redio au ya sauti. Marekani iliidhinisha vifaa vya tiba hii Novemba 2023, ingawa utafiti mkubwa wa 2014 haukuona nafuu zaidi ya ile ya tiba bandia. Presha hushuka kwa pointi chache tu, na wengi huendelea na vidonge.

Kwa hiyo mchimbaji anayetoka duarani Nyarugusu, Geita, au muuza dagaa wa Shinyanga, asiache vidonge vyake vya presha, kama amlodipini, akisubiri tiba hiyo. Presha mara nyingi haina dalili. Mtu hujiona mzima huku figo zikiharibika. Nenda kapime zahanati, hata kama huumwi.