Mpangaji Akihama, Bawabu Hubaki

Ni saa sita mchana Dar es Salaam. Kijana anaifunga Ubuntu, anaingia Windows kwenye kompyuta ile ile, na saa ya kwenye kioo inamwambia ni saa tatu asubuhi. Atadhani betri ya ndani imekufa, kumbe ni nzima. Linux, msingi wa Ubuntu, huiacha saa ya mashine ikienda kwa majira ya kimataifa, UTC, kisha huongeza saa tatu zetu inapomwonyesha mtumiaji. Windows huisoma saa hiyo hiyo ikidhani ni majira ya hapa hapa. Mifumo endeshi miwili imepanga kwenye diski moja, kila mmoja na chumba chake, lakini saa ni moja.

Vitu vya shirika kama hivyo ndivyo vinavyoleta taabu siku mwenye kompyuta anapoamua kubaki na mfumo mmoja. Wengi huanza na lililo rahisi: wanafungua Windows, wanaitafuta sehemu ya diski yenye Ubuntu, wanaifuta. Wakija kuwasha tena, wanakuta kioo cheusi na maneno mawili, grub rescue. Windows haionekani, ingawa haijaguswa hata faili moja.

GRUB ndiye bawabu. Ubuntu humweka mlangoni inaposakinishwa, na kila mashine ikiwashwa yeye ndiye anayeuliza unataka kuingia chumba gani. Kwenye kompyuta za zamani zinazotumia BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, mlango huo ni baiti 512 za mwanzo kabisa za diski. Kati ya hizo, 64 ni za orodha ya sehemu za diski, mbili za mwisho ni muhuri, na programu ya kuwasha inaachiwa 446 tu. Kwa hesabu ya herufi moja kwa baiti moja, aya hii isingeenea humo. Basi GRUB huacha kipande chake kidogo mlangoni na sehemu yake kubwa huiweka ndani ya chumba cha Ubuntu. Ukikivunja chumba hicho, bawabu amepoteza daftari lake. Hajui tena Windows inakaa wapi.

Kompyuta za sasa hutumia UEFI badala ya BIOS. Humo diski hutengewa sehemu ndogo maalumu ambamo kila mfumo una folda yake, na mashine yenyewe hutunza orodha ya nani aanze. Lakini ukiifuta Ubuntu, folda yake inabaki pale na jina lake linabaki juu ya orodha. Utakaribishwa na mstari mtupu wa grub>.

Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, imechukua jina lake kutoka lugha za Kinguni. Ni neno ndugu na utu wetu. Mgeni wa jina hilo huagwa kwa utaratibu.

Kwanza, nakili faili zako kwenye diski ya nje, hata zile za upande wa Ubuntu, kwa kuwa Windows kwa kawaida haiwezi kuzisoma. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, andika pembeni ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, maana kugusa mpangilio wa kuwasha kunaweza kuifanya Windows iudai.

Pili, badili bawabu. Kwenye UEFI, ingia mipangilio ya mashine, pandisha Windows Boot Manager juu ya orodha, kisha washa upya uone Windows ikifunguka yenyewe. Kwenye BIOS, washa kwa flashi ya kusakinishia Windows na utumie amri ya bootrec /fixmbr.

Tatu, sasa ndipo ufungue Disk Management na kuifuta sehemu ya Ubuntu. Zilizoandikwa EFI na Recovery usiziguse. Nafasi iliyoachwa utaiunganisha na C ikiwa imepakana nayo upande wa kulia. Kukiwa na sehemu nyingine katikati, Windows itakataa.

Hatua ya pili ikitangulia ya tatu, hakuna kioo cheusi. Ukimaliza, irekebishe saa mara moja tu. Haitarudi nyuma tena, kwa sababu hakuna wa kubishana naye.