Mbao za Mchanga na Miti ya Wenyewe Lokichar

Sisi wa mwambao hatuhitaji kufunzwa kwamba mchanga hula kizito. Ngalawa ikipandishwa ufukweni kupakwa sifa, hutandikiwa magogo, kisha watu wakaisukuma kwa kauli moja. Bila magogo hayo uzito wote ungesimama juu ya mstari mwembamba wa mkuku, nao mkuku ungezama. Kwa magogo uzito huenea, na chombo hupanda.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo imwokoayo dereva aliyekwama Lokichar, mji mdogo wa Turkana ulioko kusini ya Lodwar, katika njia itokayo Kitale kwenda Kakuma hadi mpaka wa Sudan Kusini. Wengi wetu tulilisikia jina hilo mwaka 2012, mafuta yalipogunduliwa katika bonde lake, na kisima cha kwanza kikapewa jina la Ngamia. Leo barabara kuu ina lami. Lakini mwenye safari ya Lokori, au ya kuwafuata wafugaji kule waliko, hana budi kuiacha lami, na akiiacha hukutana na laga: mto wa msimu, mkavu sehemu kubwa ya mwaka, mpana, wenye mchanga laini. Mvua hunyesha milimani mbali, na maji yakaja kwa kishindo hali mbingu juu ya kichwa cha dereva ni nyeupe. Kwa hiyo gari likizama humo si jambo la kukaa kivulini na kungoja wapita njia.

Utingo wa zamani alijua la kufanya. Alishuka na panga, akakata matawi ya mgunga na makuti ya mkoma, akayasindika chini ya magurudumu. Wengi wafanya hivyo hata leo, wakidhani mti wa nyikani hauna mwenyewe.

Hapo ndipo pana kosa. Miti iliyo kando ya mito ya Turkana ina wenyewe. Kila familia hujua sehemu yake ya ukingo, nayo huitwa ekwar. Haki yake hurithiwa, na mgeni hafai kulisha mifugo wala kukata humo bila idhini. Maganda ya mbegu za mgunga ndiyo chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Mkoma nao hutoa matunda ya kuliwa, na majani ya kinamama kusukia vikapu, kama vile kwetu ukindu unavyosukiwa mikeka. Tawi linalosagwa na tairi kwa dakika mbili lingeweza kuwa riziki ya mtu mwezi wa kiangazi. Twasema msafiri kafiri, nasi twaelewa maana yake, kwamba safari humwondolea mtu baadhi ya mizigo. Haki ya mwenye mti haimo katika mizigo hiyo.

Basi aendaye huko na achukue mbao zake. Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1920 ofisa Mwingereza Ralph Bagnold, aliyekuwa akivuka jangwa la Misri na Libya kwa magari madogo ya Ford, alitumia mabamba ya chuma yaliyotengenezwa kwanza kuezekea mahandaki ya Vita vya Kwanza. Katika Vita vya Pili Wamarekani wakaunda bamba la chuma lenye matundu la kutandika viwanja vya ndege. Bamba moja lilikuwa na urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 30 hivi. Vita vilipokwisha madereva wa majangwani wakayakata vipande, na mpaka leo yapo.

Je, uchague lipi? Kwa lori lililosheheni, chuma hakina mpinzani: hakivunjiki, na likipindika hunyoshwa kwa nyundo. Lakini ni zito, jua la Turkana hulifanya liunguze mikono, na kwa Land Rover ya watu wanne ni mzigo wa bure. Alumini ni nyepesi kwa kiasi cha nusu. Kwa gari dogo mimi nachagua plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi, aina iliyoanza kuenea kutoka Australia tangu 2005, ambayo mtu mmoja huibeba kwapani. Ila plastiki za rahisi ni nyingi madukani, nazo hupasuka. Usiitazame rangi, tazama meno yake: yawe marefu, mengi, yenye mizizi minene. Ubao wa mti wa kawaida huteleza ukiloa, na ukipasuka hurusha vipande. Vipande vya mita moja na zaidi kidogo vyatosha, viwili kwa gari tupu, vinne kwa lenye mizigo.

Adui wa meno hayo ni mguu wa dereva. Akikanyaga mafuta gurudumu likazunguka bila kusogea, plastiki huyeyuka kwa sekunde chache, na ubao wa bei hugeuka sinia. Ndiyo maana ubao huja mwisho. Kwanza ni upepo: jamaa zetu wa Omani waendao mchanga wa Sharqiya hupunguza tairi kabla hawajaingia, kutoka ratli 35 hadi 18 au chini yake, na tairi likatanuka kama unyayo wa ngamia. Pili ni beleshi, kuchimba mbele ya magurudumu na kuutoa mchanga uliobeba tumbo la gari. Ndipo ubao usindikwe kwa mteremko, ncha yake ikiguse tairi, gia iwe ya chini, na mtu yeyote asisimame nyuma, kwa kuwa ubao unaweza kuruka.

Gari likitoka lisisimame mpaka lifike ardhi ngumu. Mbao hubaki nyuma, mara nyingi zimefukiwa kabisa. Kwa hiyo funga kila mmoja kamba ndefu yenye kitambaa chekundu, urudi kwa miguu kuzifukua. Kisha pampu itolewe, kwa sababu lami ya kwenda Lodwar huliunguza tairi lililolegea.