Dhoruba 'Ndogo' ya Wanorwe

Nilipata kuwa msaidizi wa mpishi katika meli ya shehena ya Kinorwe, na kovu lililo mkononi mwangu nililitia kwa sababu ya neno moja la upepo.

Tulikuwa tumeng'oa nanga Bergen. Redio ikatangaza "liten storm". Mwenzangu, mtu wa Lamu, alikuwa ameokota Kinorwe kidogo, akajua kuwa "liten" ni dogo. "Usitie hofu, ndugu yangu," akaniambia, "ni kijidhoruba tu." Basi sikuzifunga sufuria. Usiku ule meli ililala ubavu, na maji ya moto yakanimwagikia.

Kumbe mambo yako hivi. Nguvu za upepo hupimwa kwa kipimo cha Beaufort, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliyekibuni mwaka 1805, nacho huanzia 0 hadi 12. Nambari ni zile zile kwa wote, lakini majina hayendi sambamba. Neno la Kiingereza "gale" ni upepo wa nambari 8, wa kilomita 62 hadi 74 kwa saa. Ule wa 7 huambiwa umekaribia tu kuwa "gale". Kamusi hukwambia "gale" ni "kuling" kwa Kinorwe. Lakini "kuling" ya Mnorwe huanzia 6, upepo ambao Mwingereza bado auita "breeze", ingawa wenye nguvu!

Kwenye 9 ndipo penye hatari. Mwingereza yungali katika "gale", ila aiita kali. Mnorwe keshaingia katika "storm", naye aiita ndogo. Huo mdogo wenda kilomita 75 hadi 88 kwa saa! Ni mdogo kwa ndugu zake wa 10 na 11 walio mbele yake, si kwako wewe uliyeshika sufuria.

Sisi watu wa pwani pepo zetu twazijua kwa majira na zitokako: kusi, kaskazi, matlai. Mwenzangu hakuwa mjinga. Alifasiri sawasawa, neno kwa neno, na hapo ndipo tulipoangamia.

Aliniomba radhi, nikamsamehe. Tangu siku ile kila redio iliponena habari za upepo, nilikwenda kwa afisa wa zamu nikamwuliza, "Nambari ngapi, bwana?" Alinicheka sana, lakini alinijibu.