Kuunganisha Hisa: Bei Mpya, Thamani Ile Ile

Kuunganisha hisa ni hatua ambayo kampuni huzikusanya hisa kadhaa zilizokwisha kutolewa na kuzigeuza kuwa moja, bila kuongeza mtaji wake, bila kupunguza madeni yake, na bila kubadili sehemu ya umiliki ya kila mwanahisa. Mwenye hisa 1,000 zenye bei ya shilingi 50 kila moja, uwiano ukiwa hisa kumi kwa moja, hubaki na hisa 100 zenye bei ya shilingi 500, na mali yake ni zile zile shilingi 50,000. Mabaki yasiyotimiza hisa kamili kwa kawaida hulipwa fedha taslimu, na kwa njia hiyo wanahisa wadogo kabisa huweza kujikuta nje ya kampuni.

Ikiwa hesabu haibadilishi kitu, sababu za hatua hiyo hazina budi kutafutwa katika kanuni za masoko na katika fikra za wawekezaji. Masoko makubwa ya Marekani, New York na Nasdaq, huionya kampuni ambayo hisa yake imedumu chini ya dola 1 kwa siku 30 za biashara, na isipojirekebisha huweza kufutwa kwenye orodha. Kwa kampuni iliyofikia hapo, kuunganisha hisa ndiyo njia ya haraka ya kuipandisha bei. Wawekezaji wanaijua njia hiyo, na kwa hiyo tangazo lenyewe mara nyingi hupokelewa kama ungamo la udhaifu, hata bei ikaanza kushuka kabla hisa hazijaunganishwa.

Hata hivyo, si kila muunganisho ni dalili ya kufilisika. Benki ya Citigroup ilitoka katika msukosuko wa fedha wa 2008 ikiwa na takribani hisa bilioni 29, kwa kuwa ilikuwa imetoa hisa mpya kwa wingi ili kujinusuru, na bei ya hisa moja ilikuwa kama dola 4.50. Kwa bei hiyo, senti moja, ambayo ndiyo iliyokuwa hatua ndogo kabisa ya kupanda au kushuka kwa bei, ilikuwa sawa na zaidi ya asilimia 0.2 ya bei ya hisa, na baadhi ya mifuko ya uwekezaji ilizuiwa na kanuni zake yenyewe kushika hisa zilizo chini ya dola 5. Mwezi Mei 2011 benki hiyo iliunganisha hisa kumi kuwa moja, bei ikawa takribani dola 44, na gawio, yaani sehemu ya faida inayolipwa kwa wanahisa, likarejeshwa kwa senti moja kila robo mwaka. Kufikia mwisho wa mwaka huo hisa hiyo ilikuwa dola 26 na ushei. Ni rahisi kuulaumu muunganisho, lakini katika miezi hiyo hiyo, Ulaya ikitikiswa na madeni ya serikali zake, hisa ya Bank of America, ambayo haikuunganishwa, ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake.

Madhara makubwa hutokea pale muunganisho unapofuatwa na utoaji wa hisa mpya. Kampuni ya meli ya Ugiriki, DryShips, iliyokuwa Nasdaq, iliunganisha hisa zake mara nane kati ya Machi 2016 na Julai 2017: iliuza hisa mpya, bei ikaporomoka kwa wingi wa hisa hizo, ikaunganisha ili isifutwe, kisha ikauza tena. Uwiano wote ukizidishwa, hisa 11,760,000 za mwanzo zilikuwa zimegeuka moja. Si muunganisho uliowafilisi wanahisa wa zamani, bali kuchujuka kwa umiliki wao kila hisa mpya zilipoingia sokoni. Muunganisho uliipa kampuni nafasi ya kurudia, na kwa hilo hauwezi kuitwa jambo la hesabu tu.

Kwa sababu hiyo, mstari unaostahili kusomwa kwa makini katika taarifa ya mkutano mkuu si ule wa uwiano, ambao ndio huvuta macho, bali ule wa hisa zilizoidhinishwa, yaani idadi ya juu kabisa ambayo katiba ya kampuni inaruhusu kutolewa. Kampuni inayopunguza hisa zilizo mikononi mwa watu na kuiacha idadi hiyo ilivyokuwa hujifungulia mlango mpana wa kuuza hisa mpya siku za mbele. Citigroup ilizipunguza zote mbili kwa kiwango kimoja, na hisa zake zilizoidhinishwa zikashuka kutoka bilioni 60 hadi bilioni 6.