Je, Wajua? Unga, Arosto na Jirani Tunayemwita Teja

Je, wajua kwamba heroini iliwahi kuwa dawa halali ya kikohozi? Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiingiza sokoni mwaka 1898, na madaktari wa wakati ule wakaipokea wakidhani wamepata mbadala salama wa mofini.

Je, wajua unga, yaani hiyo heroini, unavyofika pwani yetu? Mwingi hutengenezwa Afghanistan, hupakiwa majahazini katika pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, kisha huteremka na Bahari ya Hindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini zilizofichwa katikati ya mifuko ya saruji. Agosti mwaka huohuo serikali ya Kenya ikailipua baharini meli ya Al Noor pamoja na heroini iliyokutwa ndani yake. Shehena hizo huwa safarini kwenda masoko ya mbali zaidi, lakini baadhi ya wanaozisaidia njiani hulipwa kwa unga wenyewe, nao huuza hapahapa, kete kwa kete, kwa watoto wetu.

Na je, wajua sindano ilivyoingia vijiweni? Kwa miaka mingi watumiaji wa Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakivuta tu ile brauni shuga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe, unaoyeyuka upesi kwenye maji, na bomba moja likaanza kuzungushwa kwa watu kadhaa. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini vikafuata njia hiyohiyo.

Arosto, yale mateso ya mwili uliozoea unga unapoukosa, haitokani na uvivu, wala si maigizo. Saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho mtu huanza kupiga miayo, machozi na kamasi humtoka, mifupa humuuma, hutapika, huharisha, na usingizi humkimbia. Mateso hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na mengi hupungua baada ya wiki moja hivi. Anayeiba sufuria ya mama yake asubuhi, mara nyingi starehe alikwisha kuisahau zamani. Anayakimbia maumivu hayo. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa Dar es Salaam waliripoti kuwa wanawake waliokuwa wakijidunga walivuta damu yao wenyewe kwenye bomba baada ya kujidunga na kumpa mwenzao asiye na pesa, wakiamini kuwa damu hiyo ingempunguzia arosto. Ilikuwa njia ya hatari kupita kiasi ya kuambukizana. Lakini itazame mara ya pili: wanawake waliotengwa na mtaa mzima walikuwa wakisaidiana kwa kitu pekee walichobaki nacho, damu yao. Sisi tuliokuwa na zaidi ya hapo tuliwapa nini?

Je, wajua kwamba tiba ipo, tena bila malipo? Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma Tanzania Bara. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Kidongo Chekundu kule Unguja. Kenya ilianza na Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi mwaka uliofuata. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Heroini huisha nguvu baada ya saa chache, lakini dozi moja ya methadoni humshikilia mtu siku nzima, bila arosto na bila ulevi. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha unga wa mtaani kwa unga wa serikali. Wamekosea. Mtu aliyekuwa akihangaika tangu alfajiri kutafuta kete sasa anaweza kushinda kazini na kulala kwake. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005.

Kikwazo kinachosahauliwa ni nauli. Kliniki ni ya kila siku, na mtu asiye na kazi hana nauli ya kila siku. Familia inayomchangia nauli inatibu.

Je, wajua siku za hatari kubwa kwa mraibu ni zipi? Ni zile baada ya kutoka gerezani au kwenye nyumba ya nafuu, ile tunayoiita soba. Mwili umeshasahau kipimo cha zamani, lakini yeye anakikumbuka. Akirudia kiasi kilekile, pumzi hukatika. Ukimkuta anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, mlaze kwa ubavu na kimbilia msaada wa hospitali. Usimnyweshe maziwa, usimmwagie maji. Dawa ya naloksoni hurudisha pumzi ndani ya dakika chache.

Pombe nayo ina fumbo lake. Arosto ya heroini humtesa mtu sana lakini kwa kawaida haimuui. Pombe ni tofauti: aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na hata kufa. Kumfungia ndani mlevi wa aina hiyo “mpaka zimtoke” ni kumweka hatarini. Aanzie hospitali. Minyororo na kamba hazijawahi kumtibu mtu yeyote, wa unga wala wa gongo.

Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi 1, 2017. Pakiti ndogo ya bei ndogo, inayoingia mfukoni mwa sare ya shule, haikuwa na sababu ya kuwapo.

Je, wajua kwamba takriban theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14? Huo ni umri wa darasa la saba au kidato cha kwanza. Wengi wanaoanza kutumia kilevi mapema tayari wana sonona, hofu au kumbukumbu ya kupigwa na kudhalilishwa, na hakuna aliyewauliza. Bangi nayo si mboga kama wanavyodai vijiweni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 uliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 wa Sweden walioitwa jeshini, kwa miaka 15. Waliokuwa wameivuta zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kuugua skizofrenia kuliko wasioivuta.

Kinga inawezekana. Kule Iceland, mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Wazazi walikaa na watoto wao zaidi, vijana wakasaidiwa kulipia michezo na muziki, na saa za kuwa nje usiku zikasimamiwa. Tuna viwanja, madrasa, kwaya na timu za mtaa. Tunachopungukiwa ni watu wazima wanaokaa humo na vijana.

Turudi kwenye sonona. Je, wajua kuwa kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani? Humfungulia mlango wa kusema. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka katiba. Uamuzi huo ni wa haki: aliyefika hapo anahitaji daktari.

Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mtaani Harare kukaa benchi moja na watu waliolemewa na mawazo na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha nafuu kubwa. Mabibi tunao kila mtaa.

Basi, msomaji, kama yuko mraibu nyumbani kwako au kwa jirani, usingoje Juni 26, siku ya dunia ya kupiga vita dawa za kulevya, ndipo umkumbuke. Mwite kwa jina lake, si teja. Muulize kama yuko tayari kwenda kliniki, na umsindikize siku ya kwanza. Kwa ushauri, Kenya piga 1192 ya NACADA. Tanzania piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.