Waya wa Ethi kama Sehemu ya Antena: Ufafanuzi wa Kanuni ya Mita 3 kwa Mitambo Midogo ya Redio ya AM, kwa Mfano wa Kate, Nkasi

Makala haya yanafafanua kwa nini waya wa ethi huhesabiwa kuwa sehemu ya antena katika mitambo midogo ya kurushia matangazo ya AM, na maana ya hesabu hiyo mahali kama Kate, Wilaya ya Nkasi, katika uwanda wa juu wa Ufipa.

Kanuni inayorejelewa zaidi kuhusu mitambo hii ni ya Marekani. Sehemu ya 15 ya kanuni za Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC) huruhusu urushaji bila leseni kati ya kilohezi 510 na 1705 kwa masharti mawili makuu: nguvu inayoingia katika hatua ya mwisho ya mtambo isizidi miliwati 100, na urefu wa jumla wa antena, waya unaoilisha na waya wa ethi usizidi mita 3.

Sharti la pili lina msingi wa kifizikia. Katika kilohezi 1600, urefu wa wimbi ni mita 187.5, hivyo antena ya robo wimbi ingekuwa na takribani mita 47. Antena ya mita 3 ni fupi mno, na kila mita inayoongezwa huongeza mnururisho. Mkondo wa antena hukamilisha mzunguko wake kupitia waya wa ethi, nao waya huo hunururisha pia. Mtambo wenye antena ya mita 3 ukiwekwa juu ya paa lenye kimo cha mita 6, waya wa ethi unaoshuka hadi ardhini huufanya mfumo mzima kuwa wa mita 9.

Hali ya udongo nayo ina uzito. Ukinzani wa mnururisho wa antena ya mita 3 katika masafa hayo ni takribani omu 0.1. Ukinzani wa ardhi ukichukuliwa kuwa omu 10, ni takribani asilimia 1 tu ya nguvu inayonururishwa. Ukipanda hadi omu 30 udongo unapokauka wakati wa kiangazi, kiasi hicho hushuka hadi theluthi moja ya asilimia. Nyaya kadhaa zilizofukiwa kuzunguka mtambo hupunguza upotevu huo.

Hata hivyo, kuondoa ethi ili kutimiza kipimo ni hatari, hasa katika majira ya mvua yenye radi. Njia salama ni kuuweka mtambo karibu na ardhi, ili waya wa ethi uwe mfupi, na kuuzima na kuutenganisha na umeme kabla radi haijakaribia.

Aidha, kanuni ya Marekani si kibali nchini Tanzania. Masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kwa hiyo, hatua ya kwanza kwa mkazi wa Kate ni kuiuliza Mamlaka hiyo. Kupima waya kunafuata baadaye.