Shule na Skuli: Neno Moja, Njia Mbili

Mtoto wa Mbeya au Iringa huenda shule. Mwenzake wa Unguja huenda skuli. Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba shule ni neno la Kiingereza lililobadilishwa matamshi. La hasha. Shule limetokana na Kijerumani, Schule. Skuli limetokana na Kiingereza, school. Hata hivyo, Wajerumani na Waingereza wote walilikopa neno hilo kutoka Kilatini, schola, nao Warumi walikuwa wamelitwaa kwa Wayunani.

Utawala wa Wajerumani uling'oka Nyanda za Juu Kusini mwaka 1916, lakini neno lao lilibaki, sawa na hela, litokanalo na Heller, sarafu ya koloni lao tangu 1904.

Kwa hiyo, mchunguzi wa asili ya maneno hana budi kuuliza maswali mawili: nani alitupatia neno hili, na yeye alilipata wapi? Anayekibeza Kiswahili kwa sababu kimekopa, na akumbuke kwamba hata money ya Waingereza ilitoka kwa Wafaransa, ambao waliirithi kutoka Kilatini, moneta. Kukopa si umaskini wa lugha. Ni kumbukumbu ya safari zake.